Ndege saa kumi na nne, safari siku mbili

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya swali ambalo kila mtu mwenye ndugu ng'ambo amewahi kuuliza au kuulizwa. Swali lenyewe ni fupi: toka huko mpaka hapa, ndege inachukua saa ngapi? Huulizwa harusini, huulizwa sokoni Kariakoo na wafanyabiashara wanaokwenda kufunga mizigo, na huulizwa zaidi msibani. Anayejibu aghalabu hujibu kwa haraka na kwa fahari kidogo, maana kujua saa za ndege ni dalili ya kuwa mjanja wa mjini. Mimi nilijibu hivyo hivyo. Jibu langu lilikuwa sahihi, na likaharibu mazishi.

Nitaeleza. Mwezi wa Julai mwaka 2023 shangazi yangu alifariki dunia kwetu Bukiriro, wilayani Ngara. Ilikuwa alfajiri ya Alhamisi. Mtoto wake wa kiume, ambaye kwangu ni kaka, anaishi New York. Jioni ile baba mdogo alinipigia simu. Yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba, na wazee walikuwa wamemzunguka wakingoja atakachoambiwa.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye wa redioni, unajua mambo haya. Mwenzio amepata nafasi ya ndege kesho Ijumaa mchana. Atatumia saa ngapi?"

Nikajibu bila kufikiri, "Saa kumi na nne, baba. Ndege moja tu mpaka Nairobi, haisimami popote."

Nikamsikia anawahesabia wazee. Ijumaa mchana, saa kumi na nne, basi Jumamosi asubuhi yuko Nairobi. Kisha akaniuliza, "Na Nairobi si hapo tu?"

Nikasema, "Ndiyo baba, Nairobi ni hapo tu."

Wazee wakapanga maziko yawe Jumamosi saa 10 jioni. Watu wakatumiwa habari mpaka Rulenge na Biharamulo.

Sasa, ndugu msikilizaji, kabla sijakwambia yaliyofuata, tuitazame kwanza hiyo hesabu ya saa kumi na nne, maana si ya uongo. Tarehe 28 Oktoba 2018 Shirika la Ndege la Kenya lilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Kabla ya hapo msafiri wa Afrika Mashariki alilazimika kubadili ndege Ulaya, Uarabuni au Addis Ababa. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy, kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ni takriban kilomita 11,840. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 hivi. Kwa hiyo mtu anayesafiri njia hiyo ameizunguka zaidi ya robo ya dunia akiwa kitini.

Ndege kubwa ya siku hizi, ikiwa juu, huenda kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawa 11,840 kwa 900 unapata saa 13 na dakika chache. Lakini ratiba husema saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Hizo saa nyingine zinatoka wapi? Kwanza, muda wa ratiba haupimwi toka magurudumu yanapoacha ardhi. Hupimwa toka ndege inaposukumwa kutoka mahali ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena upande wa pili, pamoja na kutambaa uwanjani, kungoja zamu, kupaa polepole na kushuka polepole. Pili, njia fupi ya kwenye hesabu si lazima iwe njia ya rubani.

Chukua chungwa, chomeka pini mbili, vuta uzi kati yake ukakaza. Huo ndio mstari mfupi juu ya kitu cha mviringo. Kwenye ramani ya ukutani mstari huo huonekana umepinda, na watu husema rubani anazunguka bure. La hasha, ramani ndiyo iliyonyooshwa. Kutoka Nairobi uzi wa New York huelekea kaskazini magharibi, ukapita juu ya Sahara kabla ya kukuta bahari ya Atlantiki. Lakini anga nayo ina mipaka na ina vita. Vita vilipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege zilizozoea kukatisha pale zikalazimika kuzunguka. Februari mwaka 2025 Kongo ilizifungia anga yake ndege zilizosajiliwa Rwanda, na safari za kutoka Kigali kwenda Ulaya zikarefuka. Viwanja havikusogea hata hatua moja, ila safari ilirefuka.

Tatu, kuna upepo. Katika nchi za kaskazini, huko juu kilomita tisa hadi kumi na mbili, hupita upepo wenye nguvu uendao toka magharibi kwenda mashariki. Nyakati nyingine huzidi kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda Marekani hukutana nao usoni, na anayerudi husukumwa nao mgongoni. Ndiyo maana kurudi ni saa 14 na kwenda ni saa 15. Ni kama mtumbwi wa mto Kagera: maji ni yale yale na kasia ni lile lile, ila anayepanda na anayeshuka hawafiki kwa muda mmoja.

Jambo la nne linauhusu uwanja wa Nairobi wenyewe, ulio juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikipata joto la mchana huzidi kuwa nyepesi, na hewa nyepesi haibebi vizuri. Ndege iliyojaza mafuta ya saa kumi na tano ni nzito. Usiku, hewa ikiwa baridi, hupaa kwa wepesi zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya safari ndefu kama hiyo ipendelee kuondoka usiku.

Basi hayo ndiyo ya angani. Sasa tushuke kwenye karatasi, maana huko ndiko wengi wanakoumia.

Tuseme tiketi yako imeandikwa: kuondoka Nairobi 23:30, kufika New York 07:30. Ukitoa unapata saa nane. Ya kurudi imeandikwa: kuondoka New York 12:30, kufika Nairobi 09:30 siku ya pili yake. Ukitoa unapata saa 21. Mtu husoma hivyo akasema, kumbe kwenda ni saa nane na kurudi ni saa 21, ndege gani hii? Hakuna muujiza. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale pale ilipotajwa. Nairobi ikiwa saa 5:30 usiku, New York, katika majira yao ya kiangazi, ni saa 10:30 alasiri. Tofauti ni saa saba. Ongeza saba kwenye nane, unapata 15. Toa saba kwenye 21, unapata 14. Na ukitaka kujihakikishia, jumlisha: nane na 21 ni 29, na 15 na 14 ni 29 vile vile. Tiketi haikudanganya, tulisoma saa mbili kana kwamba ni saa moja.

Hata safari fupi ina mtego huo. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu kilomita 3,980, mwendo wa saa tano na nusu hivi. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Kwa hiyo tiketi ya kwenda itaonekana ya saa sita na nusu, na ya kurudi itaonekana ya saa nne na nusu. Mfanyabiashara anayemwambia dereva aje kumpokea kwa hesabu ya tiketi atamkosa, au atamchosha.

Tena Wamarekani wana desturi nyingine. Jumapili ya pili ya mwezi Machi husogeza saa zao mbele, na Jumapili ya kwanza ya Novemba huzirudisha. Kwa hiyo tofauti kati yetu na New York ni saa saba katika kiangazi chao na saa nane katika baridi yao. Anayekumbuka hesabu ya Julai akaitumia Desemba atakosea saa nzima.

Juu ya hayo sisi Waswahili tuna saa yetu, na ni saa nzuri, inayohesabu toka jua linapochomoza. Lakini tiketi haiijui. Tiketi ikisema 07:30 ni saa 1:30 asubuhi. Wapo watu walioisoma kuwa saa 7:30, wakafika uwanjani mchana wamevaa suti na maua shingoni, na ndege ilikwishaondoka tangu asubuhi. Na ubaya zaidi ni wa tarehe. Tiketi ikisema Jumamosi 00:30, mtu wetu huelewa usiku wa Jumamosi. Sivyo. Hiyo ni saa 6:30 za usiku wa kuamkia Jumamosi. Yaani Ijumaa baada ya chakula cha jioni ndipo unapotakiwa kubeba sanduku. Ukingoja Jumamosi jioni umechelewa karibu siku nzima.

Yote hayo, ndugu msikilizaji, mimi nilikuwa nayajua siku ile baba mdogo aliponipigia. Mtu anayesoma saa redioni kila siku hawezi kusema hakuyajua. Nilichosahau ni jambo ambalo halikuandikwa kwenye tiketi yoyote, nalo ni kwamba hakuna mtu anayeishi uwanja wa ndege.

Ndugu yangu alitoka mlangoni kwake Ijumaa saa 2 asubuhi ya New York, ambayo Bukiriro ilikuwa saa 9 alasiri. Ilimpasa awe uwanjani saa tatu kabla. Ndege ikaondoka saa 6:30 mchana wao, ikatua Nairobi Jumamosi saa 3:30 asubuhi yetu. Saa kumi na nne kamili, kama nilivyosema. Wazee wangenisifu.

Lakini akapanga foleni ya uhamiaji, akangoja sanduku, na alipomaliza ilikuwa saa 5 asubuhi. Ndege ya mchana ya kwenda Kigali ilikuwa imejaa. Akapata nafasi ya saa 1 usiku. Kigali aliichagua kwa kuwa kwa mtu wa Ngara huo ndio uwanja mkubwa ulio karibu. Nairobi mpaka Kigali ni kilomita 750 na kidogo, saa moja na nusu hivi.

Hapa pana jambo la kuchekesha, lau kama lisingekuwa la msiba. Ukipima kwenye chungwa lile lile, Ngara iko karibu na New York kuliko Nairobi ilivyo. Toka Ngara mpaka New York ni kilomita 11,400 hivi, pungufu ya zile za Nairobi kwa zaidi ya kilomita 400. Yaani ndugu yangu alibebwa mpaka mashariki ya kwao, akapitiliza kiasi cha kilomita 700, kisha akatakiwa kurudi nyuma. Alikuwa kama abiria wa basi aliyelala, akapitishwa kituo chake, na kituo hicho hakina kondakta wa kuita jina lake.

Mimi nilikuwa nimekwisha kufika. Niliondoka Dar es Salaam Ijumaa alfajiri. Dar es Salaam mpaka Mwanza ni kilomita 850 hivi angani, na kwa saa moja na nusu nilikuwa nimetua. Kutoka pale mpaka Bukiriro, pamoja na kungoja kivuko pale Busisi, ilinichukua siku yote iliyobaki. Nilifika usiku, mgongo umekufa ganzi. Hata hapo sikufumbuka macho. Nilikuwa nimetumia saa moja na nusu kuvuka nchi na siku nzima kumalizia kipande, na bado nikaendelea kuamini kwamba mwenzangu atakuja kwa hesabu ya ndege.

Jumamosi saa 9 alasiri simu ikalia. "Bado niko Nairobi," akasema. "Ndege ni ya jioni." Nikatoka nje kwanza kabla ya kumwambia baba mdogo. Watu walikuwa wamejaa uani, wengine wametoka mbali na wana safari ya kurudi. Wazee wakakaa. Saa 10 ikafika, wakasema tungoje. Saa 11 ikafika. Sisi wa Ngara tuna bahati moja: saa ya Tanzania imewekwa kwa nchi nzima, lakini jua letu liko nyuma ya lile la Dar es Salaam kwa dakika 34 hivi, kwa kuwa tuko magharibi sana. Hata saa sita mchana yetu jua halijafika utosini, hufika karibu saa saba. Kwa hiyo jioni yetu ni ndefu kidogo kuliko ya pwani, na jua huzama saa moja. Siku ile tulipewa nusu saa ya ziada na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na haikutosha. Tulimzika shangazi mwanga ukiwa unaisha, mwanawe akiwa amekaa kwenye benchi la uwanja wa ndege, kilomita 700 kutoka pale.

Alifika Kigali usiku. Dereva tuliyemkodi hakutaka kutembea usiku, akamwambia, "Tuondoke saa kumi na mbili asubuhi." Sisi Bukiriro tukahesabu kumi na mbili, kumbe ni saa kumi na mbili za Kigali, ambazo kwetu ni saa moja. Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukivuka daraja la Rusumo, upana wa mto Kagera, umepoteza au umepata saa nzima kwa hatua chache. Watu wa mpakani wamezoea, wakiahidiana huuliza kwanza: saa za wapi? Ni swali la busara, nami nilikulia katika swali hilo, kisha nikaenda mjini nikaliacha.

Hapo Rusumo mambo yamekuwa afadhali. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walifungua daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpaka, ili msafiri akaguliwe mara moja. Wenye umri wangu tunalikumbuka daraja la zamani kwa habari nyingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walilivuka kwa muda wa siku moja, kwa miguu, na magodoro na watoto vichwani na mgongoni. Watu wale walipima umbali kwa nyayo zao. Na kuanzia mwaka 2007 Marekani ilichukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 kutoka makambi ya magharibi mwa nchi yetu. Kwa hiyo hesabu hii ya ndege si ya tajiri wa mjini peke yake. Huku kwetu zipo familia ambazo bibi hajui kusoma, lakini anajua tofauti ya saa kati yake na mjukuu aliye Marekani, kwa sababu anajua wakati gani simu yake haipokelewi.

Jumapili saa 6 mchana gari likaingia uani. Tuhesabu sasa, ndugu msikilizaji. Alitoka kwake Ijumaa saa 9 alasiri ya kwetu, amefika Jumapili saa 6 mchana. Ni saa 45. Angani alikaa saa 14 kwenda Nairobi na moja na nusu kwenda Kigali, jumla kumi na tano na nusu. Saa nyingine zote, yaani karibu thuluthi mbili ya safari, alikuwa ardhini: njiani, foleni, kwenye benchi, kitandani Kigali, mpakani na barabarani. Mimi nilikuwa nimewapa wazee thuluthi moja ya safari nikaiita safari.

Alishuka, akasalimia wazee, akapelekwa kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Akasimama kitambo, kisha akamwuliza baba mdogo, "Mlinisubiri mpaka saa ngapi?"

Baba mdogo akasema, "Mpaka saa kumi na mbili jioni, mwanangu. Tulisubiri kwa saa za redio."

Hakusema kwa ubaya. Mzee yule hana ubaya. Alisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Lakini mimi niliyasikia maneno yale, na nayasikia mpaka leo kila ninapoketi mbele ya kipaza sauti kusoma saa.

Watu hupenda kusema dunia imekuwa kijiji. Kwa upande wa anga, ni kweli. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilipoanza kutoka London kuja Mwanza kwa ajili ya barua, safari ilikuwa ya siku kumi hivi, ndege ikilala njiani kila usiku kama punda. Kati ya miji hiyo kwa mstari ni kilomita 6,750 tu. Leo umbali ule huliwa kwa usiku mmoja. Lakini toka Mwanza mpaka mlango wa mtu wa Ngara, je, tumepunguza kwa kiasi hicho hicho? La. Tumepunguza, ila kwa mwendo wa kinyonga. Ndiyo maana mimi nilifurahi zaidi Juni mwaka 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, kuliko ambavyo ningefurahia ndege mpya yenye mbio zaidi. Ndege mpya ingenipunguzia dakika kumi kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Daraja lile limefuta kivuko pamoja na foleni yake. Tunapozungumza juu ya usafiri wa anga, na tunapoulizana viwanja vijengwe wapi na ndege zinunuliwe ngapi, tusisahau kwamba safari ya Mtanzania huanza na kuishia kwenye barabara ya udongo.

Nimalizie kwa mambo machache, ambayo naomba yaandikwe mahali, maana msiba haupigi hodi.

Ukipewa saa ya safari, uliza kwanza: saa za wapi? Zigeuze zote mbili ziwe za kwetu, ndipo utoe. Ukiona 07:30 kumbuka ni saa moja na nusu asubuhi, na ukiona tarehe yenye saa za baada ya sita usiku, kumbuka kwamba safari ni ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Kisha hesabu toka mlango hadi mlango. Weka saa tatu za kuwahi uwanjani, weka saa mbili za uhamiaji na sanduku, weka kungoja ndege ya pili na ukubali kwamba huenda imejaa, weka usiku mmoja wa kulala, weka barabara. Ukimaliza, usimwahidi mtu saa. Mwahidi siku, na siku yenyewe iwe ile inayofuata.

Na wewe uliye mjini, unayeaminiwa na watu wa kijijini kwa sababu una simu nzuri na unasema kwa uhakika, nakusihi jambo moja. Ukiulizwa ndege ni saa ngapi, usijibu swali hilo peke yake. Anayekuuliza hataki kujua habari za ndege. Anataka kujua mwanawe ataingia uani saa ngapi, ili ajue kaburi lifunikwe lini. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliyejibu nusu ya swali ndiye niliyekuwa mjinga.

Kama ningesema siku ile, "Baba, ndege ni saa kumi na nne lakini mtoto atafika Jumapili," wazee wangenung'unika kidogo kisha wangekubali. Ilikuwa ni tofauti ya siku moja tu. Wangengoja.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa tukutane juma lijalo wakati kama huu, saa za Tanzania. Kwaheri.